Usukani Ukigoma Ndege Ikiwa Inakuja Kutua: Dalili, Chanzo na la Kufanya

Mwongozo huu ni wa wanafunzi wa urubani na marubani wachanga wanaorusha ndege ndogo za injini moja, hasa Cessna 172 ya mafunzo na Cessna 208 Caravan, ile inayoshinda ikipanda na kushuka kati ya Dar es Salaam, Zanzibar, Arusha na viwanja vya vumbi vya mbugani. Mifano michache nimeitoa kwenye ndege kubwa, kwa sababu ajali zao huchunguzwa kwa kina na ripoti huchapishwa. Kitabu cha ndege yako ndicho chenye neno la mwisho. Nilichoandika hapa kikipishana nacho, fuata kitabu, na mazoezi yoyote yafanye ukiwa na mwalimu.

Tukubaliane kwanza kuhusu majina. Eleroni ziko nyuma ya bawa kuelekea nchani, nazo huilaza ndege kushoto au kulia. Eleveta iko mkiani, hupandisha na kushusha pua. Ruda ni bapa la wima la mkiani linalopeleka pua kando, nalo huongozwa kwa miguu. Flapu hushuka nyuma ya bawa karibu na mwili wa ndege ili iweze kuruka polepole bila kustoli, yaani bila mabawa kuacha kubeba. Trimu ni kibapa kidogo kwenye eleveta kinachompunguzia rubani uzito mkononi.

Hitilafu ya usukani ni mbaya popote, lakini karibu na kutua ina ubaya wake. Mwendo ni mdogo, kwa hiyo vibapa vyote hivyo vimepungukiwa nguvu. Ardhi iko karibu. Na ndipo rubani anapobadilisha mambo mengi kwa mpigo: anashusha flapu, anapunguza nguvu ya injini, anazungusha trimu, anazima otopailoti, yaani mashine inayoiongoza ndege yenyewe. Kubadilisha huko kwingi ni tatizo na ni msaada pia. Hitilafu ya dakika hizi mara nyingi hujitokeza pale pale rubani anapogusa kitu, na anayekumbuka mkono wake ulikuwa wapi sekunde mbili zilizopita ameshapata nusu ya jibu.

Kabla hujatafuta chanzo

Weka mabawa sawa. Weka pua mahali ambapo mwendo hautashuka. Ulichogusa mwisho, kirudishe kilipokuwa. Flapu zilikuwa nyuzi 10 ukaweka 20 na ndege ikaanza kulala ubavu: rudisha 10. Umewasha otopailoti na pua ikaanza kupanda: izime. Usingoje kuelewa kwanza.

Kisha amua kama unatua au unapanda. Hapa walimu hawakubaliani, nami nina upande wangu. Tunafundishwa kwamba mambo yakienda kombo fainali, yaani kipande cha mwisho cha kunyooka kuelekea njia ya kurukia, weka nguvu zote upande tena. Kwa hitilafu ya usukani, ushauri huo haufai kila mara. Nguvu zote huinua pua na kuivuta ndege kushoto, na vyote viwili hurekebishwa kwa eleveta na ruda, vitu vile vile unavyovitilia shaka. Kama ndege imetulia, mwendo ni sahihi, njia ya kurukia iko mbele yako na una hakika unaifikia, tua. Kama haijatulia, panda, lakini kwa upole: nguvu ziongezwe kidogo kidogo, kona ziwe pana, flapu zisiguswe mpaka umeona ndege inakutii.

Redio inakuja baada ya hapo. Sema "Mayday" mara tatu kwenye masafa uliyopo, taja ndege yako, mahali ulipo, tatizo kwa maneno machache na unachokusudia. Weka 7700, namba ya dharura, kwenye transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada) ukipata nafasi. Waongoza ndege watakuondolea ndege nyingine mbele yako na kuita zimamoto. Hawatakulaumu ukinyamaza dakika nzima kwa sababu mikono imejaa.

Dalili: ndege inalala ubavu mara flapu zinaposhuka au kupanda

Chanzo cha kwanza cha kufikiria ni flapu za pande mbili kuwa katika nyuzi tofauti. Kwenye Cessna 172 mota ya flapu iko bawa la kulia, na flapu ya kushoto huvutwa kwa waya wa chuma unaotoka upande wa pili. Waya ukikatika au kuchomoka, flapu ya kulia hushuka na ya kushoto hubaki juu. Bawa la kulia hubeba zaidi, na ndege hulala kushoto. Kadiri flapu inavyoendelea kushuka, ndivyo unavyolazimika kugeuza usukani kulia, na inaweza kufika mahali usukani umeishia na ndege bado inalala.

Ndiyo maana kurudisha swichi mara moja ni muhimu kuliko kugeuza usukani. Geuza usukani pia, ndiyo, lakini mkono mwingine uwe umeshafika kwenye swichi. Ukisubiri kuona flapu itaishia wapi, unampa adui nafasi. Ulalaji ukiisha, tua na flapu ulizo nazo. Usijaribu mara ya pili "kuhakikisha".

Flapu zisiporudi, ongeza mwendo kidogo, kwa sababu eleroni hupata nguvu kadiri hewa inavyopita kwa kasi, ila usivuke mwendo wa juu unaoruhusiwa flapu zikiwa chini. Kwenye 172S, toleo mojawapo la Cessna 172, ni noti 85 (maili za baharini kwa saa) kwa nyuzi 20 au 30. Angalia flapu kwa macho. Ndege hizi zina mabawa juu na flapu zinaonekana dirishani. Kutazama kulia na kushoto kunatosha kukata shauri.

Dalili: umeshusha swichi, hakuna kilichotokea

Hii ndiyo hitilafu ya usukani iliyo nyepesi kuliko zote, na inafaa kutendewa hivyo. Flapu za 172 ni za umeme. Angalia sakiti breka ya flapu: kama imeruka, wengi wetu hufundishwa kuiacha ipoe kisha kuirudisha mara moja tu, na ikiruka tena iachwe. Angalia na swichi kuu ya umeme, maana inawezekana umeme wote umekwisha na flapu ndizo zilizokuwa za kwanza kukuambia.

Caravan ina mota ya pili ya akiba, yenye swichi zake juu ya kichwa cha rubani, zimefunikwa ili zisiguswe kwa bahati mbaya. Ukitumia mota hiyo, zile swichi za mwisho zinazoizima mota flapu zikifika kikomo hazifanyi kazi. Ni wewe unayetakiwa kuachia kabla flapu hazijafika mwisho, la sivyo unaharibu mota au mkono wake. Marubani wanaijua mota ya akiba ipo. Wachache wanalikumbuka hili la kikomo.

Kutua bila flapu kunahitaji hesabu. Kitabu cha 172S kinasema kwa kutua hivyo ongeza noti 9 kwenye mwendo wa kukaribia na utegemee umbali mrefu zaidi kwa asilimia 35. Pua itakuwa juu kuliko ulivyozoea, njia haitaonekana vizuri, na ndege itaelea kabla ya kukubali kugusa. Usiivutie pua juu ili uilazimishe kukaa chini: mkia uko karibu na lami kuliko unavyodhani.

Sasa ongeza mwinuko. Wilson, uwanja wa ndege ndogo wa Nairobi, iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa kadirio la kawaida, mwendo halisi huzidi ule wa kwenye saa ya mwendo kwa asilimia 2 hivi kwa kila futi 1,000, kwa hiyo saa ikisema noti 70, ardhi inapita chini yako kwa noti 77 au zaidi, na joto la mchana huongeza tena. Njia yenye urefu wa kilomita moja na nusu, iliyokuwa kubwa jana, leo inaanza kuwa fupi. JKIA, uwanja mkuu wa kimataifa wa Nairobi, iko jirani na njia yake ina zaidi ya kilomita 4, na toka Wilson unaweza kuifikia kwa kupita upande wa mbuga, si juu ya nyumba za watu. Iombe. Kwa aliye Arusha, KIA (uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro) ina mita 3,600 za lami na iko chini kuliko uwanja wa Arusha kwa zaidi ya futi 1,500. Sioni sababu ya kubana ndege yenye hitilafu kwenye njia fupi eti kwa kuwa gari lako umeliegesha hapo.

Dalili: unavuta usukani, pua haipandi

Hapa tutulie, kwa sababu hapa ndipo mikono ikisikiliza vizuri inaokoa maisha.

Jiulize usukani wenyewe unajisikiaje. Ukiwa mwepesi, unakuja bila uzito wowote na ndege haijali, waya umekatika au umechomoka. Ukiwa hauendi kabisa, au unaenda hadi mahali fulani ukagota, kitu kimekwama. Hizi ni hitilafu mbili tofauti na dawa zake zinakaribia kupingana.

Tuanze na waya. Eleveta ya Cessna huendeshwa na nyaya mbili, mmoja wa kupandisha na mmoja wa kushusha, na waya wa chuma unaweza kuvuta tu, hauwezi kusukuma. Ukikatika ule wa kupandisha, kuvuta hakufanyi kitu, ila kusukuma bado kunashusha pua. Kwa hiyo jaribu kidogo pande zote mbili ujue kilichobaki. Eleveta iliyopoteza waya iko huru, inaelea kwenye hewa, na kile kibapa cha trimu bado kinaiendesha kama kawaida. Una eleveta bado. Unaiendesha kwa gurudumu la trimu.

Kitabu cha 172 kina ukurasa wa tatizo hili hasa, na ni wachache waliowahi kuufanyia mazoezi. Weka flapu nyuzi 20, tengeneza mwendo wa noti 65 kwa trimu na nguvu ya injini, ndege ikiwa inaruka sawa. Baada ya hapo gurudumu la trimu uliache. Kushuka na kutoshuka kote ufanye kwa nguvu ya injini peke yake: punguza kidogo, ndege inashuka, ongeza kidogo, inatulia. Itacheza juu na chini taratibu kila unapobadilisha, isubiri, usiifukuze. Omba fainali ndefu, ya maili nane au kumi, ili upate muda wa kuizoea.

Ugumu uko mwisho. Ukikaribia lami, kila mtu hupunguza nguvu, na 172 ikipunguziwa nguvu huinamisha pua. Ukifanya hivyo bila eleveta utagusa na gurudumu la mbele, na hilo huvunjika. Kwa hiyo ukiwa karibu kugusa, zungusha trimu kuelekea pua juu hadi karibu na mwisho na ushikilie nguvu mpaka ndege iwe imelala sawa na ardhi. Magurudumu makuu yakigusa, ndipo unafunga nguvu yote.

Sasa kukwama. Kama eleveta imeganda mahali pamoja, trimu hufanya kinyume. Kibapa kidogo hakiwezi tena kuisukuma eleveta kubwa, kwa hiyo kinabaki chenyewe kuwa eleveta ndogo: ukizungusha "pua juu", pua inashuka kidogo, ukizungusha "pua chini", inapanda kidogo. Asiyejua hili atazungusha kwa nguvu upande usiofaa akiwa futi mia tatu. Kabla hujategemea trimu, igeuze robo mzunguko na utazame upeo wa macho. Ndege itakuambia uko kwenye hali ipi.

Kilichokwama ni nini? Mara nyingi si kitu cha kutisha. Kompyuta kibao iliyobanwa kwenye usukani inagota dashibodi. Waya wa vifaa vya masikioni umejizungusha kwenye shina la usukani. Otopailoti haijazimika. Kwenye ndege ambayo abiria ameruhusiwa kukaa kiti cha mbele kulia, ni mkoba wa kamera mapajani, au magoti. Na hapa kuna jambo la kuzingatia: usukani hurudi nyuma kabisa wakati wa kugusa ardhi kuliko wakati mwingine wowote wa safari. Mkoba uliokaa kimya saa nzima kutoka Serengeti utajitokeza kuwa kizuizi ukiwa futi kumi. Ukiwa bado mbali, vuta usukani nyuma kadiri mwendo unavyoruhusu uone kama kuna kinachogusa, na useme waziwazi: "Mama, naomba uweke mkoba chini sakafuni na uvute miguu nyuma."

Kama kimeganda kweli, usianze kwa kuvuta kwa nguvu zote. Kilichonasa kwenye kapi kikivutwa zaidi kinazidi kujibana. Rudisha usukani upande ulikotoka, halafu ujaribu tena taratibu. Ukishindwa, ndipo nguvu, tena za watu wawili kama mpo wawili.

Iko dalili moja inayofanana na hizi lakini chanzo chake kiko chini ya makalio: pua inapanda ghafla na mikono yako imenyooka. Kiti kimeteleza nyuma kwenye reli yake, na wewe umejishikilia kwenye usukani. Achia. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, iliweka agizo la lazima la kukagua reli za viti vya Cessna kwa sababu hii. Reli iliyolika matundu ya pini ni hitilafu ya usukani, hata kama haimo kwenye sura ya usukani ya kitabu.

Dalili: usukani unakusukuma, na unavyozidi kupambana nao ndivyo unavyozidi

Mkono unaopambana nawe una mota nyuma yake. Ni otopailoti, au mota ya trimu inazunguka yenyewe. Shika usukani, bonyeza kitufe chekundu cha kuzima otopailoti na ukishikilie, kisha vuta sakiti breka ya trimu. Kitufe hicho ukijue kwa kidole, macho yakiwa nje.

Aprili 26, 1994, Airbus A300 ya China Airlines ilikuwa inakaribia kutua Nagoya, Japani. Rubani msaidizi aligusa bila kukusudia kibonyezo cha kughairi kutua. Otopailoti iliyowashwa baadaye ikawa inataka kupanda, naye akawa anasukuma usukani kushuka. Kila aliposukuma, mashine ilizungusha trimu ya mkia kuelekea pua juu kufidia. Mwisho trimu ikawa karibu na kikomo, nguvu zikaongezwa, pua ikainuka kupita kiasi, ndege ikastoli. Watu 264 walikufa, saba wakapona. Usukani haukuwa umeharibika. Walioushika walikuwa wawili, mtu na mashine, na hakuna aliyemwachia mwenzake.

Machi 10, 2019, Boeing 737 MAX 8 ya Ethiopian Airlines iliondoka Addis Ababa kuja Nairobi na watu 157, 32 kati yao Wakenya. Kihisi kimoja kilileta taarifa mbovu, na programu ya MCAS ikaizungusha trimu ya mkia kushusha pua tena na tena. Marubani walikata umeme wa trimu. Lakini ndege ilikuwa inakwenda kwa kasi kubwa mno, na gurudumu la mkono halikuzunguka kwa uzito wa hewa iliyokuwa ikisukuma mkia. Ilikuwa kupaa, si kutua, ila kanuni inatufuata hadi kwenye ndege ndogo: trimu ikiwa imekwenda mbali, mwendo mkubwa unaifanya mikono yako kuwa dhaifu. Punguza nguvu mapema, karibu na mwendo ambao trimu hiyo iliyokosewa inautaka, na uzito mkononi utapungua.

Neno moja kuhusu kulazimisha. Januari 31, 2000, MD-83 ya Alaska Airlines ilianguka baharini karibu na pwani ya California ikiwa na watu 88, baada ya meno ya nati ya skrubu inayosogeza mkia kulika kwa kukosa grisi ya kutosha. Baada ya hapo marubani walielekezwa hivi: trimu ikikwama, maliza hatua za kwenye cheklisti, usiongeze majaribio yako, tua kwenye uwanja wa karibu unaofaa.

Dalili: ndege haigeuki, au inageukia upande usiotaka

Eleroni zikikatika waya, ruda inaweza kukugeuza. Sukuma mguu wa kushoto, pua inakwenda kushoto, na baada ya muda mfupi bawa la kushoto linalala lenyewe. Inachelewa, kwa hiyo kona ziwe ndogo na zianze mapema. Chagua njia ambayo upepo unakuja usoni.

Kugeukia upande usio sahihi ni jambo jingine, nalo huanzia karakana. Novemba 11, 2018, Embraer 190 ya Air Astana ilitoka matengenezo makubwa Alverca, Ureno, nyaya za eleroni zikiwa zimeungwa kinyume. Rubani akigeuza usukani kushoto, eleroni zilienda kulia. Hali ilikuwa mbaya kiasi cha kuomba kupelekwa baharini wakatue majini. Waliweza kuizoea baada ya kuzima msaada wa kompyuta na kubaki na uhusiano wa moja kwa moja kati ya usukani na vibapa, wakatua Beja kwenye jaribio la tatu. Wote sita walikuwa hai.

Wengi hukagua kama usukani unakwenda huru. Wachache hukagua kama unakwenda *sahihi*. Shika usukani vidole gumba vikiwa juu, geuza kushoto: kidole gumba kimeelekea kushoto, na eleroni ya kushoto lazima iwe imepanda. Geuza kulia, tazama kulia. Ndege ikitoka kwa fundi, fanya hivyo mara mbili, na mtu mwingine akiwa amesimama nje.

Dalili: ruda imekufa

Angani utaishi bila ruda. Tatizo ni lami: upepo wa ubavuni huwezi kuurekebisha vizuri, na baada ya kugusa utaongoza kwa breki za magurudumu makuu, kwa kugusa tu, si kwa kukanyaga. Kama pedeli imekwama badala ya kuwa huru, tazama sakafuni. Kalamu, tochi na chupa ya maji hupenda kuviringika hadi huko pua inapoinama kushuka.

Dalili zinazodanganya

Ndege inapinduka ubavu kwa ghafla kisha inaacha. Hitilafu ya usukani kwa kawaida haiachi. Kilichopita ni msukosuko wa hewa wa ndege iliyokutangulia. Zanzibar ambako Caravan hupanga foleni na majeti ya watalii kutoka Ulaya, hili si la nadra. Msukosuko huo huzama chini na nyuma ya ndege kubwa, kwa hiyo kaa juu ya njia iliyopita ndege hiyo na uguse baada ya kupita mahali ilipogusa.

Saa ya mwendo inasema mambo yasiyolingana na sauti ya upepo na mahali pua ilipo. Angalia mrija wa pito, ule unaopokea hewa ya mbele ili saa ya mwendo isome, kabla hujalaumu usukani. Nyigu hujenga kwa udongo ndani ya tundu lile, na ndege iliyolala siku chache bila kifuniko inatosha kwao. Weka pua na nguvu ulizozizoea, usahau saa.

Usukani unapiga mbele na nyuma kidogo ukiwa umeilaza 172 ubavu kuteleza na flapu zimezidi nyuzi 20. Kitabu kinalitaja: eleveta hutikisika katika hali hiyo. Inyooshe, itaacha.

Usukani mwepesi kupita kawaida, na pua inayopenda kupanda, lakini kila kitu kinajibu? Fikiria mizigo. Mabegi yaliyorundikwa nyuma, au yaliyoteleza kwenda nyuma, hufanya eleveta iwe nyepesi na ndege isiyotulia. Usipunguze mwendo kama ulivyozoea.

Kuipima ndege kabla ya kuishusha

Umepanda, umetulia, hitilafu bado ipo. Nenda angalau futi 3,000 juu ya ardhi na uiweke ndege katika hali ile ile utakayotua nayo: flapu zile zile, trimu ile ile. Punguza mwendo noti tano, ngoja, geuza kidogo kila upande, sikiliza. Punguza tano nyingine. Ukifika mahali usukani unakaribia kuishia au ndege inaanza kupotea mkononi, rudi kwenye mwendo uliokuwa unatii, ongeza kidogo, na huo ndio mwendo wako wa kutua hata kama ni noti 20 zaidi ya kitabu. Usiende polepole kuliko hapo mpaka magurudumu yameshika lami. Njia ndefu unaweza kuitafuta. Mwendo ukipotea chini huna pa kuutafuta.

Na ukishaipata hali inayotii, usiibadilishe. Flapu za ziada kwa ajili ya kutua vizuri, trimu ya ziada kwa ajili ya raha ya mkono, vyote viache.

Ukishasimama

Zima injini na uache kila kitu kilivyo. Usipandishe flapu, usirudishe trimu kwenye alama, usijaribu usukani kuona kama bado umekwama. Fundi anataka kukuta alichokikuta rubani. Piga picha nafasi ya flapu, gurudumu la trimu na sakiti breka. Kwenye kitabu cha hitilafu usiandike "usukani mgumu". Andika mwendo, nyuzi za flapu, ulikuwa unavuta au unasukuma, uligota wapi, na ulikuwa umegusa nini kabla. Mruhusu fundi apitishe kitambaa juu ya nyaya kwenye makapi, nyuzi zilizokatika zinakinasa kitambaa hata pale jicho halizioni. Taarifa iende pia kwa mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA ya Kenya au TCAA ya Tanzania, siku hiyo hiyo, kabla ndege haijapangiwa safari ya kesho.